Seti ya haidroliki ya klachi kwa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza: silinda mbili na paipu ya wavu wa chuma

Nianze na hukumu, kwa ajili ya wale ambao gari lao liko juu ya stendi sasa hivi na mafuta yanadondoka. Seti hii inafaa kununuliwa, lakini vitu vitatu vilivyomo havilingani kwa ubora. Silinda ya chini ni nzuri sana. Paipu ya wavu wa chuma naipenda kuliko ile iliyotoka na gari kiwandani. Masta silinda, yaani silinda ya juu, inafanya kazi yake, ila inataka kukaguliwa na kusafishwa kabla ya kufungwa, na mtu mwenye haraka ataifunga na uchafu wake. Jina la mtengenezaji silitaji. Vipuri vya namna hii huuzwa kwenye maboksi ya majina mengi, na kitakachokusaidia ni kujua namna ya kuikagua seti uliyoishika mkononi mwako, iwe imeandikwa jina gani.

Gari lenyewe ni MX-5 yenye injini ya lita 1.6, zile zenye taa za mbele zinazochomoza. Mazda ilizindua gari hili kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Februari 1989, na kizazi hicho kikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Kwa hiyo hata lile lililotoka mwisho kabisa limeshapita robo karne, na raba huzeeka hata kwenye gari lililofunikwa turubai na kuendeshwa Jumapili tu. Uzito wake haufiki tani moja, na nguvu zake si za kutisha mtu. Utamu wa gari hili uko kwenye usukani, kwenye mkono mfupi wa gia unaoingia kwa mzungusho mdogo wa kiganja, na kwenye klachi. Klachi ikikosa hisia, umepoteza theluthi nzima ya sababu ya kuwa na gari hili. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wale wanaosema "ongeza mafuta uendelee kuendesha".

Dalili zinajulikana. Rivasi ndiyo huanza kulalamika, kwa sababu kwenye giaboksi nyingi haina sinkronaiza ya kuilainishia njia kama gia za mbele. Klachi isipoachia kikamilifu, unausikia mkwaruzo. Kisha gia ya kwanza inakuwa ngumu gari likiwa limesimama. Kisha unasimama kwenye taa, umekanyaga pedali hadi chini, gia imeingia, na gari linaanza kujivuta lenyewe pole pole. Ukiipampu pedali mara mbili tatu, klachi inarudi kana kwamba hakukuwa na tatizo. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Klachi inayohitaji kupampiwa ina upepo ndani yake, na kama upepo umepata njia ya kuingia, mafuta nayo yana njia ya kutoka.

Kwangu mafuta yalikuwa yanatoka sehemu mbili. Silinda ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, mpira wake wa vumbi ulikuwa umevimba. Ukiubonyeza kwa kidole unatema mafuta meusi kama wino. Juu nako, zulia chini ya pedali lilikuwa na unyevunyevu unaoteleza, na rangi ya ukuta wa injini, ule unaoitenga injini na chumba cha abiria, chini ya masta silinda ilikuwa imeanza kujikunja na kubanduka. Klachi hii hutumia mafuta ya breki, na mafuta ya breki hula rangi. Ukiona rangi imechubuka pale, usitafute ushahidi mwingine.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ukielewa jinsi mfumo huu unavyofanya kazi utaelewa kwa nini nilinunua seti nzima badala ya silinda moja. Ukikanyaga pedali, fimbo inasukuma pistoni ya silinda ya juu. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo yanakwenda kusukuma pistoni ya silinda ya chini, nayo inasukuma uma wa klachi, na uma unaipeleka beringi kwenye vidole vya springi ya presha pleti, lile bamba linaloibana diski ya klachi. Silinda ya juu ina kipenyo cha ndani cha inchi 5/8, ya chini inchi 3/4. Ukipiga hesabu ya maeneo, pistoni ya juu ikitembea milimita 10, ya chini inatembea milimita 6.9 hivi. Mguu unapata nafuu ya nguvu, lakini unalipia kwa mwendo, na mwendo wenyewe si mwingi. Pistoni ya kipenyo hicho cha chini ina eneo la milimita za mraba 285. Maana yake mililita moja tu ya mafuta ikivujia pembeni mwa sili, yaani raba ya pistoni inayozuia mafuta, au nafasi yake ikishikwa na upepo unaobonyea, umepoteza karibu milimita 3.5 za mwendo pale kwenye uma. Hiyo ni nusu ya zile milimita 6.9. Watu hushangaa tone dogo linawezaje kulisimamisha gari zima. Jibu ndilo hilo.

Sasa, kwa nini zote kwa pamoja? Sababu wanayoitoa wengi ni kwamba zote zina umri mmoja. Ni kweli, lakini kuna sababu ya ndani zaidi, ambayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha. Pistoni ya silinda ya chini haifanyi kazi sehemu ileile ya silinda maisha yake yote. Diski ya klachi ikilika, vidole vya presha pleti vinarudi nyuma kuelekea giaboksi, uma unageuka, na pistoni inasukumwa ikakae ndani zaidi. Miaka inapita, sili inatembea kwenye ukanda uleule wa ndani, huku ukanda wa nje ukibaki haujapanguswa, ukikusanya vumbi, unyevu na vishimo vya ulikaji. Halafu fundi anafunga klachi mpya. Diski ni nene tena, vidole vinasogea mbele, pistoni inakuja nje, na sili kuukuu inaanza kutembea juu ya ule ukanda mchafu. Wiki chache baadaye inavuja, na mwenye gari anamlaumu fundi wa klachi. Fundi hakuigusa silinda, na kosa ni hilohilo la kutoigusa.

Silinda ya juu nayo ina hadithi kama hiyo upande wake. Kwa kawaida pistoni yake hutembea sehemu tu ya silinda. Siku ya kutoa upepo, mtu anakanyaga pedali hadi sakafuni, tena na tena, na sili inapelekwa hadi mahali ambapo haijawahi kufika kwa miaka, penye tope na ulikaji. Inachanika. Ukibadilisha ya chini peke yake na kutoa upepo kwa kupampu pedali, kuna uwezekano mkubwa wa kuiua ya juu siku hiyohiyo. Mimi gari likishapanda stendi na mafuta yakishamwagwa, nazitoa zote mbili na paipu yake.

Kuna watakaouliza kuhusu vile vifurushi vidogo vya raba, vya kufufulia silinda ya zamani. Kwa silinda ya chuma cha kuyeyusha, yenye ukuta wa ndani uliobaki laini, sina neno. Silinda ya alumini ni jambo jingine. Ukuta wake wa ndani una tabaka gumu jembamba la kinga, na mtu akiingiza jiwe la kusugulia ili aondoe vishimo, tabaka hilo linaondoka nalo. Unabaki na alumini tupu, laini, inayokwanguliwa na pistoni kila ukikanyaga. Sili mpya kwenye ukuta wa hivyo ni kuahirisha tu. Niliikata silinda yangu ya zamani kwa msumeno nijionee: upande wa chini palikuwa na mstari wa vishimo unaoonekana kwa macho bila lenzi. Hakuna raba ingeziba pale.

Turudi kwenye boksi.

Silinda ya chini imefungwa kwenye mfuko wake, matundu yamezibwa kwa vizibo vya plastiki, si kwa utepe. Jambo dogo, lakini vumbi likiingia kwenye silinda kabla haijafika kwenye gari, mengine yote ni bure. Niliuvua mpira wa vumbi, nikaitoa pistoni na kuangalia ndani kwa tochi. Ukuta unang'aa sawasawa, hauna mistari ya kuzunguka, kingo za tundu la kuingizia mafuta zimelainishwa zisikate sili. Midomo ya sili ni mikali na mizima. Pistoni ukiisukuma kwa kidole gumba inaingia bila kushikashika, na springi inairudisha taratibu kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Skrubu ya kutolea upepo ina kofia yake ya raba na imekaa juu ya tundu la paipu, inavyotakiwa, maana upepo hupanda. Matundu ya bolti yalikaa kwenye giaboksi bila kulazimishwa. Kitu pekee nilichoongeza ni grisi maalumu ya raba chini ya mpira wa vumbi. Waliyopaka wao ilikuwa kidogo mno. Usipake grisi ya kawaida ya beringi hapo. Raba za mfumo wa breki na klachi huvimba zikikutana na mafuta ya petroli ya aina yoyote, na sili iliyovimba haina tiba.

Silinda ya juu ndipo sauti yangu inabadilika. Mwili wake umemwagwa vizuri na kipimo cha 5/8 kimechapwa ubavuni, lakini ndani ya kikombe cha mafuta nilikuta punje za plastiki zilizobaki kwenye kingo, zimening'inia kwa uzi mwembamba. Punje kama hiyo ikikatika inashuka hadi kwenye kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta, na kile kitundu kikiziba una balaa jipya nitakalolieleza chini. Nilizikwangua kwa ncha ya kisu, nikaosha kikombe kwa mafuta safi ya breki na kukausha kwa hewa. Raba ya ndani ya kifuniko haikai vizuri kwenye mfuo wake. Nilitumia ya zamani, ambayo ilikuwa bado nzima. Na gasketi ya kukaa kati ya silinda na ukuta wa injini haikuwemo kwenye boksi kabisa. Kwa seti inayojitangaza kuwa kamili, hilo halina utetezi. Nilikata ya kwangu kwenye karatasi ya gasketi kwa kufuata umbo la ile ya zamani, lakini si kila mnunuzi ana karatasi ya gasketi kabatini.

Sili zake, hata hivyo, ni nzuri, na ukuta wa ndani hauna dosari niliyoiona. Nimeiacha kwenye gari kwa sababu hiyo. Ingekuwa na mkwaruzo hata mmoja ningeirudisha.

Paipu ndiyo iliyonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Paipu ya kiwandani ni ya chuma yenye mizunguko kama springi, ya kumeza mtikisiko wa injini, halafu inaingia kwenye kipande cha mpira. Kile kipande cha mpira kikizeeka hutanuka kidogo kila ukikanyaga, na kutanuka huko ni mwendo unaoibiwa kutoka kwenye uma. Kibaya zaidi ni kwamba mpira huoza kuanzia ndani. Kwa nje unaonekana mzima, kwa ndani unamenyeka vipande vinavyosafiri hadi kwenye silinda. Paipu ya seti hii ni moja, kutoka juu hadi chini: mrija wa PTFE (plastiki ya teflon) ndani, wavu wa chuma kisichoshika kutu juu yake, na ganda la plastiki angavu kwa nje. Usidharau lile ganda. Wavu wa chuma mtupu ukigusana na kitu kinachotikisika ni msumeno. Utakata waya wa umeme, utakata paipu nyingine, utakwangua chasisi hadi kutu ianze. Nati za mwisho ni M10 zenye uzi wa milimita 1, na zilishika kwa vidole hadi mwisho bila kukwama, kipimo rahisi na cha uhakika cha uzi uliochongwa vizuri. Vibanio vya kuishikilia kwenye ukuta wa injini vimo vya kutosha. Ipitishe mbali na bomba la moshi na mbali na chochote kinachozunguka, na unapokaza mwisho wa pili hakikisha paipu haijisokoti. Mstari uliochapwa kwenye ganda utakuonyesha. Ukiuona umejizungusha kama mzabibu, legeza uanze upya.

Kufungua vitu vya zamani ndiyo kazi ngumu kuliko kufunga vipya. Nati za paipu ya kiwandani zimekaa hapo miongo mitatu, na spana ya mdomo wazi itazikata kona kabla hazijageuka. Tumia spana ya ringi iliyokatwa mdomo, ile inayoikumbatia nati pande tano, na mafuta ya kulainisha kutu uyanyunyize tangu jana yake. Silinda ya juu imeshikiliwa na nati mbili: moja unaifikia ukiwa umefungua boneti, nyingine imejificha ndani, juu ya pedali ya klachi. Kwa ile ya ndani utalala chali, kichwa sakafuni, miguu juu ya kiti, tochi mdomoni. Hakuna njia ya mkato. Soketi fupi yenye kiungio cha kupinda na rodi ndefu vitakusaidia zaidi ya nguvu. Kabla ya yote, nyonya mafuta yote kikombeni, funika rangi kwa matambara mazito, na weka ndoo ya maji karibu. Mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi, mwaga maji mengi papo hapo. Yanachanganyika na maji na kuondoka. Ukiyafuta kwa kitambaa kikavu unayasambaza tu.

Kuhusu mafuta yenyewe, mimi ni mtu wa DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, na nina sababu. Kiwango kinadai DOT 3 ichemke si chini ya nyuzijoto 205 yakiwa mapya, na 140 yakishanyonya maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Klachi haipati joto kama breki za mbele, kwa hiyo sioni haja ya kwenda hadi 5.1, lakini DOT 4 inapatikana kila mahali na inachanganyika na mabaki ya DOT 3 bila ugomvi. Usiyaguse DOT 5. Namba inakaribiana na 5.1, lakini ni mafuta ya silikoni, hayachanganyiki na haya mengine, na mfumo uliozoea mafuta ya glikoli hauyataki. Tumia chupa mpya iliyofungwa. Chupa iliyokaa wazi kabatini imekuwa ikinywa unyevu wa hewa muda wote huo, na unyevu ndio ulioitoboa silinda yako ya zamani.

Kutoa upepo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuilaumu seti. Silinda ya juu niliijaza mezani kwanza, nimeibana kwenye jiliwa, nikisukuma pistoni taratibu hadi mapovu yakaisha. Ukiifunga ikiwa kavu utapampu mchana kutwa. Baada ya kuifunga na kuunga paipu, sikuanza na pedali. Nilichukua bomba kubwa la sindano lililojaa mafuta, nikaliunga kwenye skrubu ya silinda ya chini kwa mrija, na kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Upepo unataka kupanda, msaidie. Mapovu yalitokea kikombeni juu, makubwa kwanza, kisha madogo, kisha hakuna. Uwe na mtu wa kuangalia kikombe kisifurike.

Hatua ya mwisho ndiyo ya pedali, na hapo mpwa wangu alikaa kwenye kiti. "Kanyaga taratibu, ishikilie," namwambia nikiwa chini. "Nimeshika, Mjomba." Nalegeza skrubu, nasikia mlio mdogo wa povu la mwisho, nakaza. "Achia sasa, polepole." Usimwambie mtu apampu haraka kama anayejaza tairi. Ukipampu haraka unavunja povu moja kubwa kuwa mamia ya madogo, na hayo madogo hung'ang'ania kuta. Ikibaki hisia ya godoro, iondoe silinda ya chini kwenye giaboksi bila kuifungua paipu, ishike skrubu ikiwa juu kabisa, na usukume pistoni yake ndani hadi mwisho kwa mkono. Povu lililojificha nyuma ya pistoni litapanda hadi kikombeni. Wakati huo mtu asiguse pedali, kwa maana pistoni haina kitu cha kuizuia na itaruka nje pamoja na mafuta yote.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo ya seti haikuligusa hata kwa neno moja ni marekebisho ya fimbo ya pedali, nami naliona kubwa kuliko yote waliyoyaandika. Pedali lazima iwe na mchezo mdogo, milimita chache za kutembea bure kabla fimbo haijaanza kusukuma pistoni. Mchezo huo ndio unaohakikisha kwamba pistoni inarudi hadi mwisho na kukifungua kile kitundu cha kurudishia mafuta. Ukiifupisha nafasi hiyo kwa tamaa ya kutaka klachi iachie mapema, kitundu kinabaki kimefunikwa. Mafuta yakipata joto la injini yanatanuka, hayana pa kurudi, na yanaanza kuisukuma silinda ya chini hata mguu wako ukiwa pembeni. Klachi inateleza, beringi inazunguka muda wote chini ya mzigo, na ndani ya muda mfupi unabadilisha klachi nzima bila kujua kwamba chanzo ni nati moja chini ya dashibodi. Nilirekebisha hadi nikausikia ule mchezo kwa ncha ya kidole, nikakaza nati ya kufungia, kisha nikapima tena injini ikiwa moto.

Matokeo? Pedali ni ngumu zaidi kidogo mwanzoni mwa mwendo na haina ule ulegevu wa katikati niliouzoea hadi nikadhani ndivyo gari lilivyo. Mahali klachi inaposhika sasa pako palepale asubuhi injini ikiwa baridi na jioni baada ya foleni. Rivasi inaingia bila kelele. Kushusha kutoka ya tatu hadi ya pili kwenye kona, jambo ambalo gari hili liliumbwa kwa ajili yake, kumerudi kuwa mwendo mmoja wa mguu na mkono. Jambo moja la kusema ukweli kuhusu paipu: bila ile mizunguko ya chuma, mtikisiko kidogo wa injini unafika kwenye nyayo ukiwa umekanyaga pedali na gari limesimama. Mimi haunisumbui, naupenda hata. Mwenye kutaka ulaini wa gari la familia huenda asiupende.

Nani asinunue? Aliyeweza kupata masta silinda halisi ya Mazda. Mazda yenyewe ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kukarabati MX-5 za kizazi cha kwanza nchini Japani na kutengeneza upya baadhi ya vipuri vyake, na kwa ujumla gari hili lina bahati ya vipuri kuliko wenzake wengi wa umri wake. Kama silinda ya juu halisi inapatikana, ningeichukua hiyo, kisha ningenunua silinda ya chini na paipu za seti hii peke yake. Wauzaji wengi huziuza mojamoja. Muulize muuzaji kuhusu gasketi kabla hujalipa.

Tangu niifunge, gari limepita msimu wote wa joto. Mipira ya vumbi nimeifunua kwa bisibisi bapa na kupitisha karatasi nyeupe: ya chini inatoka kavu, ya juu inatoka kavu. Kikombeni mafuta yaligeuka kijivu hafifu baada ya majuma ya kwanza, nami nikayanyonya na kuweka mapya, kwa sababu sili na pistoni mpya huacha unga kidogo zikizoeana na ukuta. Haya ya pili yamebaki na rangi ya chai hafifu. Nitaendelea kuiangalia silinda ya juu hasa, na karatasi ikitoka imelowa nitairudia tathmini hii na kushusha alama zake.